Dada Yako Amesema Uiache

Jumatatu, 4 Septemba

Mwanangu amepata! Amepata kazi chuo kikuu! Mshauri wa masomo! Barua ina muhuri, nimeushika kwa mkono wangu mwenyewe, na nimeunusa pia — usinicheke, daftari.

Haya, sasa tusalimiane. Hujambo? Mimi sijambo mara kumi. Nimekugeuza: mbele vipimo vya wateja, nyuma mambo yangu. Hakuna atakayefika huku. Mteja akikufungua anatafuta kiuno chake tu.

Alipiga simu saa tano, nikiwa napinda suruali ya mwalimu mkuu. "Mama, nimepata." Nilipiga yowe mpaka muuza viatu wa jirani akaja na nyundo mkononi, akidhani nimevamiwa. Nikamwambia si mwizi, ni shahada! Tena shahada mbili, zimetoka kwenye tumbo hili hili la darasa la saba.

Kazi yenyewe, kama nilivyoielewa: wanafunzi wa shahada ya kwanza wanapotea. Kozi ni nyingi kama majora dukani, mtoto anaingia hajui akate wapi. Sasa kuna mtu wa kumwambia hii ni ya lazima, hii ni ya hiari, hizi mbili ukizibeba pamoja utachoka. Mtu huyo ni mwanangu. Yaani ni fundi kama mama yake. Anawapima watu kabla mkasi haujapita.

Mzee — mume wangu, dereva mstaafu, maneno yake anayatoa kama mtu anayebana mafuta — alisema, "Vizuri." Basi. Vizuri! Lakini nilimwona akienda uani, akapangusa miwani muda mrefu sana kwa miwani iliyokuwa safi.

Kuna kipindi cha majaribio, miezi sita. Hilo sijamwambia mtu.

Jumatano, 6 Septemba

Mtaa mzima unajua. Kinyozi anajua, muuza viatu anajua, hata yule mama wa vitambaa ambaye hatusalimiani anajua. Nilimsalimia makusudi ili ajue.

Kibanda changu kiko karibu na geti la chuo, kwa hiyo nusu ya wateja wangu ni wasichana wa kupunguza sketi na kubadilisha zipu. Wanakaa kwenye benchi wakisubiri. Leo, siku ya pili ya mwanangu ofisini, walikuwa watatu. Nikauliza kama mtu asiyejali, "Mshauri wenu mpya mmemwona?" Mmoja akasema, yule dada mwenye miwani? Anasikiliza kweli yule, haangalii saa. Nikaendelea kushona kama sijasikia — nikaweka mkono wa kushoto kwenye bega la kulia! Nimefumua yote. Sijali.

"Kwani unamfahamu, Mama?"

"Kidogo," nikasema. "Nilimzaa."

Jumapili, 17 Septemba

Wifi alikuja kula mchana. Wifi yangu ni dada wa Mzee, mkunga, na kwa majivuno tunalingana uzani. Ukimwacha aseme, amepokea nusu ya watu wa mji huu kwa mikono yake. Leo nilikuwa na la kumjibu.

"Mshauri?" akasema. "Yaani mwanao analipwa kuongea?"

"Na wewe unalipwa kusema sukuma!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Wifi naye alicheka, lakini kwa upande mmoja wa mdomo. Binti yake yuko mwaka wa tatu, ustawi wa jamii, na jina lake limo kwenye orodha ya mwanangu. Nikasema basi mambo yake yameisha, dada yake ndiye mwenye funguo.

Mwanangu aliweka kijiko chini. Akasema kwa upole, mbele ya wote, kwamba yeye nyumbani si mshauri. Mwenye shida aje ofisini na karatasi yake ya matokeo, kwa sababu kila mwanafunzi ana mpangilio wake na jibu la mmoja si jibu la mwingine.

"Sawa, mwanangu," nikasema. Mdomo ndio uliosema.

Ijumaa, 22 Septemba

Ana wanafunzi mia tatu na kumi na wawili! Anarudi hoi. Anakula huku simu iko sikioni, wanapeana habari na wenzake wa kazini: huyu ameacha kozi, yule ameongeza, mfumo umekataa. Mimi nakusanya sahani polepole. Macho hayana pazia, na masikio hayana hata mlango.

Nimeshajua mengi. Kozi ya lazima, usipofaulu hutoki chuoni. Ya hiari ni ya kuchagua. Ukielemewa na kozi unaomba kuiacha kwenye mtandao kabla wiki ya nne haijaisha, unaandika sababu, mshauri anabonyeza "kubali", imetoka.

Leo msichana wa sketi ya marinda alikuwa anafuta machozi kwenye benchi. Kozi saba! Nikamwambia, mwanangu, acha moja, utapumua. Akanishika mkono. "Mama, umejuaje haya mambo?" Nikasema, ni damu. Wawili waliokuwa mwisho wa benchi wakasogea karibu.

Nimeongea nao mpaka uzi ukaisha. Walinitazama kama wanavyomtazama daktari. Miaka ishirini na sita kwenye cherehani, nani aliwahi kunitazama hivyo?

Alhamisi, 28 Septemba

Binti wa wifi alikuja kibandani na begi zima la vitabu. Takwimu inamtesa. Namba zinaingia sikio hili zinatoka na lile. Amekwenda ofisini kwa dada yake mara mbili, foleni imefika kwenye ngazi, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya kuacha kozi. "Nisaidie, Mama. Muulize dada. Niiache au nikomae nayo?" Nikasema hilo tu? Limekwisha.

Jioni mwanangu alikuwa na simu. Nikamsikia kwa masikio yangu: "Takwimu? Aiache tu, si ya lazima. Akitaka ataichukua mwakani." Kisha akasimama akaenda kuoga. Alikuwa amechoka, kijiko kilimponyoka na hakukiokota. Nikaona nisimsumbue kwa swali ambalo ameshalijibu.

Nikampigia binti wa wifi. "Dada yako amesema uiache."

Alifurahi! Sauti yake ilipanda kama ya mtoto mdogo. Nami nimefurahi.

Ijumaa, 29 Septemba

Siku ya mwisho. Maombi yalimwagika kama mvua, anasema, amebonyeza mia na kitu kabla mfumo haujafungwa saa kumi na moja. Vidole vinamuuma. Nimemkanda kwa maji ya moto, kimoja kimoja.

Jumanne, 14 Novemba

Wifi alikuja kibandani na sare yake nyeupe, ametoka zamu, hakunisalimia.

"Mwanao amemharibia mwanangu mwaka!"

Orodha ya mwaka wa tatu imebandikwa, wale watakaofanya utafiti wao wa mwisho. Jina la binti yake halimo. Ameuliza, akaambiwa huna takwimu. Kwa watu wa ustawi wa jamii takwimu ni ya lazima, na inafundishwa mara moja tu kwa mwaka, muhula wa kwanza. Asubiri mpaka mwakani. Mwaka mzima akae nyumbani kwa ajili ya kozi moja.

"Nani alimwambia aiache?" nikauliza. Naapa niliuliza kwa moyo mweupe. Swali lilitoka kabla kumbukumbu haijafika.

"Mshauri wake! Ameandika mwenyewe kwenye mtandao, mahali pa sababu: nimeshauriwa na mshauri wangu. Na mwanao akakubali! Mimi nikikosea kazini mtu anakufa. Yeye akikosea anakunywa chai!"

Mguu wangu haukuacha kukanyaga. Cherehani ilikimbia mpaka ikatoka nje ya kitambaa, ikawa inashona hewa. Muuza viatu alikuwa ameacha kugonga, anasikiliza.

"Sema basi," wifi akasema. "Leo huna la kusema?"

Nikainama nikakata uzi.

Jumatano, 15 Novemba

Mwanangu alirudi mchana. Mkuu wa idara alimwita. Si mtu mbaya, anasema, hata kiti alimvutia. Alitueleza mimi na Mzee polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake, na mimi naandika vilevile nisije nikajidanganya baadaye.

Lazima aandike taarifa na kuikabidhi Jumatatu ya tarehe 27. Swali ni moja: ulimshauri huyu mwanafunzi aiache takwimu, au hukumshauri?

Kama alimshauri, ni kosa la chuo, na chuo kitalirekebisha. Binti wa wifi atarudishwa darasani sasa hivi, atapewa masomo ya ziada, afanye mtihani na wenzake. Mwaka wake umepona. Lakini mshauri atapewa barua ya onyo, na mtu mwenye barua ya onyo kwenye kipindi cha majaribio hathibitishwi kazini.

Kama hakumshauri, basi mwanafunzi alijiamulia mwenyewe. Asubiri mwaka.

Mzee akamuuliza, "Wewe unakumbukaje?"

"Ndiyo shida, Baba. Sikumbuki."

Akatoa daftari lake la kazi. Kila mwanafunzi anayeongea naye anamwandika: siku, saa, alichomwambia. Akapekua mara ya pili mbele yetu. Binti wa wifi hayumo. Akapekua tena. "Lakini hawezi kuandika uongo yule. Nitakuwa nilimwambia kwenye ngazi, nikipita. Nitakuwa nimesahau."

Kisha akasema jambo lingine. Hata kama hakumshauri, alibonyeza kubali bila kusoma, siku ile ya maombi mia. Hilo ni lake na hatalikataa.

Nilikuwa namimina chai. Ilijaa kikombe, ikajaa kisahani, ikafika mezani. Mzee akanishika mkono akaurudisha.

Nilikuwa na nafasi hapo. Sentensi moja tu. Nilikwenda kutafuta kitambaa cha kufutia meza.

Ijumaa, 17 Novemba

Leo binti wa wifi alikuja. Alisubiri mteja atoke. Amekonda, mikono ya blauzi inamvuka vidole.

"Mama," akasema, "si ulimuuliza dada, akasema niiache?"

Nikamwambia nilimsikia akisema.

"Ulimsikia, au ulimuuliza?"

Huyu mtoto kweli anasoma chuo kikuu. Nikamwambia ukweli, sijui kwa nini kwake niliweza. Kwamba ilikuwa simu. Kwamba baadaye, kwa kuzungukazunguka, nilimuuliza mwanangu takwimu ni ya hiari kwa nani, akasema kwa wanafunzi wa lugha. Kwa hiyo jioni ile walikuwa wanaongea habari za mwanafunzi wa lugha. Nilichukua jibu la mtu mwingine nikampa yeye, kama kumpa mteja gauni la mwenzake.

Alikuwa anavuta uzi uliotokeza kwenye benchi, anauvuta, anauvuta.

Halafu akasema, "Basi tuseme alisema."

"Nini?"

"Tuseme dada alisema. Akiandika alisema, narudi darasani. Nikisema niliambiwa na fundi cherehani, nani atanirudisha? Mama, usiniangushe mara mbili."

Mara mbili! Na ana haki. Alipoondoka nilikunja vitambaa vilivyokuwa vimeshakunjwa.

Jumapili, 19 Novemba

Wifi hakuja kula. Viti viwili vitupu. Chakula kimebaki.

Nimeligeuza jambo hili kila upande, halina upande mzuri. Nikisema, mwanangu anapona, na binti wa wifi anapoteza mwaka, na kosa si lake. Nikinyamaza, binti wa wifi anapona, na mwanangu anabeba barua ya kosa ambalo hakulifanya. Na katika yote mawili aliyefanya kosa ni mimi, na mimi hakuna barua inayonijia. Mimi nitaendelea kushona.

Tena niandike na hili, kwa kuwa hakuna anayesoma huku. Siogopi hayo tu. Namwogopa wifi. Naogopa uso wake atakapojua kwamba mshauri aliyempoteza mwanawe ni mimi, wa darasa la saba, niliyekuwa nagawa kozi kama vifungo. Atacheka kwanza. Halafu hatacheka.

Mzee alinitazama muda mrefu tukiwa uani. "Leo siku ya tano hujajisifu," akasema. "Unaumwa?"

Nikasema kichwa.

"Kichwa," akasema. Akarudi kwenye redio yake. Huyu mtu ameendesha lori miaka thelathini, anaijua sauti ya injini yenye kasoro hata kama haongei.

Jumatatu, 20 Novemba

Sikufungua kibanda.

Jumanne, 21 Novemba

Nimeona kitu leo asubuhi, bado kinanichoma.

Mwanangu alinyoosha mkono kupokea kikombe. Kwenye kiganja ameandika kwa kalamu: GESI NIMEZIMA. Chini yake: FUNGUO MFUKO WA NJE.

Nikamuuliza ni nini hiyo. Akacheka kidogo, akafunga mkono. Akasema ni tahadhari tu. Siku hizi anaandika kila kitu. Anarudi kukagua mlango mara tatu. Juzi alimuuliza mwanafunzi mmoja jina lake mara mbili, wakatazamana wenzake. Anafikiria kwenda kwa daktari, huenda kuna kitu kichwani, kwa sababu amejaribu na kujaribu kumkumbuka binamu yake kwenye zile ngazi, na haoni kitu, Mama, haoni kabisa, kweupe.

Ana miaka ishirini na tisa! Kichwa hiki ndicho kilichokuwa kinahesabu vifungo vyangu akiwa na miaka minne. Mteja alikuwa akibisha bei, yeye ndiye shahidi: ulisema hivi, ukasema na hivi. Kumbukumbu ya huyu mtoto ni ya kutisha. Na mimi nimekaa wiki nzima namtazama akiitilia shaka, akiifumua mshono kwa mshono, na sindano ninayo mimi.

Alitoka. Akarudi kukagua gesi. Akatoka.

Kesho. Kesho kabla hajaenda kazini. Nimeandika, kwa hiyo nimesema.

Jumatano, 22 Novemba

Nimesema.

Alikuwa anavaa viatu kwenye ngazi ya mlango. Nilikaa pembeni yake ili nisimwone uso. Nikasema hukumwambia. Mimi ndiye niliyemwambia. Nikamweleza simu ya jioni ile, kijiko kilichoanguka, na sentensi yangu: dada yako amesema uiache.

Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine mkononi.

"Kwa hiyo sikusahau?"

"Hukusahau."

"Haikutokea."

"Haikutokea, mwanangu."

Alitoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia. Kwa dakika hiyo nilidhani yameisha, nikanyoosha mkono nimshike bega. Akaliondoa.

"Wiki nzima, Mama. Wiki nzima unanitazama naandika kwenye mkono."

Nikaurudisha mkono mapajani. Mzee alikuwa ametokea mlangoni nyuma yetu na mswaki mdomoni, akasimama hivyo hivyo.

Nikasema nitakwenda mwenyewe kwa mkuu wa idara, leo leo, nivae vizuri, nimweleze.

"Utamweleza nini? Kwamba ofisi yangu ina tawi kwenye kibanda cha cherehani?"

Mzee alitoa mswaki. Sijui kama alitaka kucheka au kutema. Hakufanya lolote.

Nikasema basi andika kwamba ulisahau, binti wa wifi arudi darasani, na mimi nitakaa na dhambi yangu. Akasema akiandika uongo hapo, kila sahihi yake itakuwa uongo, hata zile za kweli. Nikasema basi andika ukweli. Akasema akiandika ukweli mtoto wa shangazi yake mwaka umekwenda. Alikuwa analia sasa, bila sauti, anafunga kamba za kiatu vizuri kabisa, fundo mara mbili.

Kisha akaacha kulia. Akageuka akanitazama, si kama mwanangu — kama ninavyofikiri anawatazama wale wanaokaa mbele yake ofisini.

"Ni wangapi, Mama?"

"Wangapi nini?"

"Uliowashauri. Kwenye benchi. Ni wangapi?"

Nikasema huyu mmoja tu. Nikasema haraka. Halafu nikamkumbuka wa sketi ya marinda. Halafu wale wawili waliosogea. Halafu mrefu wa koti, aliyeuliza kama anaweza kuchukua kozi za mwaka wa tatu akiwa wa pili, nikamwambia jaribu, mwenye kutaka hashindwi. Halafu pacha wa sare za kwaya...

Hakwenda kazini asubuhi hiyo. Alipiga simu akaomba ruhusa. Alileta kompyuta mezani, mimi nikakuleta wewe, daftari, upande wa vipimo, na kila nilipofunua ukurasa nilisema huyu ndiyo, huyu hapana, huyu nilimwambia kidogo tu.

"Hakuna kidogo tu," akasema.

Tisa. Bila binti wa wifi. Aliowajua ni wa kitivo chake aliwatafuta mmoja mmoja kwenye mfumo. Wengine hawakuwa wake, hawezi hata kuwaona. Wa sketi ya marinda alimwangalia muda mrefu. Hakuniambia alichoona. Alifunga kompyuta taratibu na kuweka kiganja juu yake. Kiganja kilikuwa safi, alikuwa amekiosha.

Akasema hivi. Waje wote, na karatasi zao za matokeo. Si ofisini, huko kuna foleni na wengine si wa kwake. Waje hapa nyumbani. Atakaa na kila mmoja aone nani bado anaweza kuokolewa kabla ya mitihani. Shangazi aje na binti yake. Baadaye, siku hiyo hiyo, ataandika taarifa, na mpaka sasa hajui ataandika nini, na nisimuulize tena.

"Na mimi?"

"Wewe ndiye utakayeanza kuongea."

Akachukua begi lake akaenda kazini nusu siku. Hakurudi kukagua gesi.

Mchana wote nimekuwa kwenye simu. Mmoja baada ya mwingine, namba ziko kando ya viuno vyao. Nilijizuia nisijieleze, maana nikianza kujieleza naishia kujisifu, najijua. Nilisema tu, njoo, lete karatasi ya matokeo, dada mshauri atakuwepo. Wa koti aliuliza kama ni semina. Pacha mmoja aliuliza kama mwenzake aje pia, nikasema hasa yeye.

Wa sketi ya marinda ndiye aliyenimaliza. Alifurahi kunisikia! "Mama, asante sana, ile kozi niliiacha kama ulivyosema. Nimepumua! Nimewaambia na wenzangu wawili chumbani." Nikakaa chini. Nikamwambia awalete.

Mzee alikuwa anahesabu viti. Sita. Ameenda kuazima kwa kinyozi. Kabla hajatoka alisimama mlangoni akasema, "Nitakaa karibu na wewe." Sentensi nzima!

Wifi nilimwacha wa mwisho. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Ehe," akasema.

Nikamwambia ninamwomba aje, yeye na binti yake.

"Kuna sherehe? Mwanao amekuwa profesa?"

Zamani ningemjibu, na lingemkaa.

"Njoo tu, wifi. Nina neno. Ni langu, si la mwanangu."

Nikasikia hospitali nyuma yake, kitoto kinalia, magurudumu ya kitanda yanapita. Nilidhani amekata.

"Umelia wewe?" akauliza. Halafu, kabla sijajibu: "Siku gani?"

Jumamosi, nikasema. Saa nne asubuhi. Wanakuja wote.